Kinyozi Hajinyoi: Kumtazama Ndege Anayesaidiwa

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunatazama ndege, ila hatuhesabu aina. Jicho letu liko kwa yule anayesaidiwa. Kaka Sudi, anayeanza aanze na ndege gani?

SUDI: Njiwa. Hawana aibu. Tafuta wawili waliotua wamegusana mbavu, kisha utulie. Baada ya muda mmoja ataacha kujichambua, atainamisha kichwa, manyoya ya shingo yatatuna na macho yatafumba nusu. Mwenzake ataanza kumpitia unyoya mmoja mmoja kwa ncha ya mdomo.

REHEMA: Na zaidi huwa ni kichwani na shingoni.

SUDI: Kwa sababu huko mdomo wake mwenyewe haufiki. Kifua, mabawa na mkia anavimudu. Kichwani ana ukucha wa kujikuna tu.

REHEMA: Kinyozi hajinyoi.

SUDI: Ndiyo hivyo. Watu humtazama anayechambua, wakati kazi ngumu iko kwa aliyeinama. Kumpa mwenzako shingo huku umefumba macho si mchezo; mdomo huohuo ndio wa kudonolea wakigombana.

REHEMA: Twende kwenye kiota, maana hapo wengi huteleza: kila anayeleta chakula wanamwita mzazi.

SUDI: Chukua kwenzi maridadi, yule mwenye tumbo la rangi ya kutu, mstari mweupe kifuani na jicho jeupe. Mwenye jicho la kahawia bado ni kijana. Wanaishi kwa kundi, na wasiozaa msimu huo hulisha makinda ya wenzao. Sasa, bila pete miguuni huwezi kujua nani ni nani. Kwa hiyo usihesabu safari, hesabu waliopo kwa pamoja. Ukiona watatu wamebana wadudu mdomoni kwa wakati mmoja, na wote watatu wakaingia kiota kilekile, msaidizi yupo.

REHEMA: Lazima waingie. Mti mmoja unaweza kuwa na viota viwili.

SUDI: Hapo umenena. Darubini ya 8×42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Kaa saa nzima bila kuhama, asubuhi, na daftari la safu tatu: saa, ameleta nini, walikuwapo wangapi. Kuhusu umbali, anza mita 30, halafu ndege mwenyewe akuambie. Akitua na chakula mdomoni akasita, akalia, akahama tawi bila kuingia, umesogea mno. Rudi nyuma. Na usikate majani ili uone vizuri, unamfungulia mwewe mlango.

REHEMA: Nami naongeza kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wengine. Kinda likiwa halifanani kabisa na wanaolilisha, futa neno "msaidizi" daftarini. Hao wametagiwa yai wasilolijua.

SUDI: Kuna jambo ambalo saa moja haitakuonyesha. Huko Mpala, kituo cha utafiti Laikipia, Kenya, watafiti waliwafuatilia kwenzi hawa tangu 2002 hadi 2021, matokeo yakatoka 2025. Ndege walipendelea kusaidia ndugu zao, lakini waliwasaidia na wasio ndugu, hata pale ndugu walipokuwapo. Na zamu ziligeuka: aliyelishiwa makinda yake msimu huu, misimu mingine ndiye anayemlishia yuleyule aliyemsaidia.

REHEMA: Kwa hiyo deni linalala kwa miaka, wala hakuna anayekimbilia kulilipa kesho yake. Ila tusiwafanye malaika, kaka. Wale ndege wala nyuki wenye paji jeupe, pale Nakuru, watafiti Stephen Emlen na Peter Wrege walionyesha mwaka 1992 kuwa baba humwandama mwanawe anayetaka kuzaa, humzibia mlango wa shimo la kiota, mpaka kijana anaacha kiota chake na kurudi kumlishia baba.

SUDI: Huo nao ni msaada, wa kulazimishwa. Daftarini andika ulichokiona, si wema ulioutamani.

REHEMA: Tumalizie na hondohondo.

SUDI: Jike huingia tundu la mti, mlango unazibwa kwa tope au kinyesi, ukabaki ufa mwembamba. Kwa aina nyingi humo ndani hunyonyoka manyoya ya mabawa na mkia kwa mara moja, hata kuruka hawezi. Kila anachokula kinapita kwenye ule ufa kutoka mdomoni mwa dume. Kwa aina za hondohondo wadogo, mama hutoka kabla makinda hayajakomaa ili naye alishe, na makinda yenyewe huuziba mlango upya.

REHEMA: Na mtazamaji hukosea wapi?

SUDI: Husimama chini ya mti wenyewe kumvizia mdomo ukichungulia. Dume anakuja na tunda, anamwona mtu, anabaki mti wa pili akipiga kelele. Kila dakika unayosimama pale, ndani hawali.