Mkono Hujifunzaje Kulenga?

Wazee wetu, walimu, na ninyi mabinti wa netiboli mliojazana kule nyuma, habari za jioni.

Nianze na ninyi. Peace Proscovia wa She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli ya Uganda, mnamjua. Pete iko mita 3.05 kutoka chini, haina hata ubao wa kugongeshea mpira, na bado anafunga. Watu husema ni kipaji. Sawa, simnyimi. Ila kipaji hakijui leo upepo unatoka wapi. Hilo hujulikana kwa kutupa, kukosa na kurekebisha.

Shikeni kisogo. Humo ndani, chini ya ubongo mkubwa, mna serebelamu. Kwa uzito ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini imebeba takriban bilioni 69 kati ya seli za neva bilioni 86 tulizo nazo. Kazi yake kubwa ni kukisia. Umewahi kunyanyua jerikeni ukidhani imejaa, kumbe tupu? Mkono uliruka juu, kwa sababu misuli ilishaandaliwa kwa lita 20 kabla hujaigusa.

Kisio likikosea, habari ya kosa hupelekwa kwenye seli za Purkinje, seli kubwa za neva za serebelamu. Kila seli hupata habari hiyo kwa uzi mmoja tu wa neva, ilhali nyuzi nyingine zaidi ya 100,000 huiletea hali ya mwili ilivyo. Mwaka 1969 mtafiti David Marr alidhani kosa huimarisha viungio vya nyuzi hizo nyingi na seli. Mtafiti mwenzake James Albus, 1971, akasema la, huvidhoofisha. Mwanasayansi Masao Ito na wenzake walipopima huko Japani, 1982, Albus ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Kuna jaribio ninalolipenda mno. Mvalishe mtu miwani ya prizimu inayosogeza kila akionacho upande wa kulia, kisha arushe mpira kwenye alama ukutani. Atakosa, kulia. Arushe tena, na tena. Taratibu anaanza kupata. Sasa mvue miwani. Anakosa kushoto! Alama haijahama, na yeye anajua kabisa kwamba miwani imetoka, ila mkono haujapata habari. Wengi ambao serebelamu yao imeharibika hukosa kulia mpaka mwisho, na wakivuliwa hawakosi kushoto, kwa kuwa hakuna kilichorekebishwa.

Ndiyo maana makocha wanaomfokea binti kabla mpira haujatua wananiudhi. Mwacheni kwanza aone umeangukia wapi!

Na ninyi wa boda boda msicheke. Waragi, pombe yetu kali, huivuruga serebelamu hiyohiyo. Polisi wetu wana kawunyemu, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi. Kwingine askari humtaka dereva atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole, na hapo kinachopimwa ni hicho mlichokishika kisogoni.

Haya, maswali.