Nani Anasubiri Malipo? Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Busia

Mwenyekiti wa soko, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie pengo kati ya walionacho na wasionacho. Nitajibana kwenye mambo mawili tu: hela inayomfikia mtu ni ngapi, na inamfikia lini.

Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijapandishwa mpaka leo. Hizo ni rolex mbili, zile chapati za mayai, tatu ukibahatika. Tena 1987 sarafu ilikatwa sifuri mbili, kwa hiyo mwanasheria mkorofi angeweza kudai ni shilingi 60. Tumwache huyo. Bunge lilipitisha mswada mpya 2019, Rais akakataa kuutia saini. Lakini tazameni sheria ya kodi: mshahara hukatwa ukizidi 235,000 kwa mwezi. Serikali inakiri kwamba chini ya hapo mtu hana cha kukatwa, ila mwajiri hazuiwi kumlipa hata robo ya hizo.

Julai 2018 ikaja kodi ya pesa za simu, asilimia 1. Watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi nusu asilimia, kwa anayetoa tu. Ukitoa 200,000 unaacha 1,000, mbali na ada ya kutolea. Mwenye akaunti alichukua zake benki, kodi hiyo isimguse. Haikuandikwa jina la maskini popote, lakini ilijua anapita njia gani.

Tangu 2022 tuna PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi: milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na mtu anakopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Naiunga mkono, pamoja na manung'uniko yenu kuhusu nani aliingizwa kwenye orodha. Swali langu ni kwamba milioni hiyo ikishageuka nyanya, nani ananunua, na analipa lini?

Tuseme mama anapeleka nyanya za 600,000 kwenye hoteli, na faida yake humo ni 90,000. Meneja anapokea mzigo, anasaini ankara, anamwambia, "Mama, rudi baada ya miezi miwili." Msimu haumsubiri, kwa hiyo anakopa 600,000 mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Miezi miwili ni 120,000. Ameilisha hoteli, akaongeza 30,000 zake. Kwenye vitabu vya hoteli hakuna kosa lolote, na huenda meneja huyohuyo Desemba akagawa sukari kwa wajane, akapigwa picha pia.

Wenye kampuni mliopo, sukari hatuikatai. Ila lipeni ndani ya siku 30, na mzabuni mdogo alipwe kwanza, kwa sababu mkubwa ana benki ya kumkopesha.

Halmashauri nayo isijifiche. Marekebisho ya sheria ya manunuzi ya 2021 yanaruhusu tenda kutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vizuri sana, lakini kikundi kikipewa tenda ya madawati kisha kikalipwa mwaka wa fedha unaofuata, kimetengewa deni. Ombeni orodha ya ankara ambazo hazijalipwa ibandikwe ubaoni ofisini kila mwezi, ikiwa na tarehe ya kupokelewa mzigo. Karatasi moja na gundi, haihitaji bajeti.

Sasa maswali, na kina mama waanze.