Kinachowatenganisha Wawili

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku ya mwandishi wa hadithi za mapenzi, neema yake na dhiki yake. Naomba nianze na pantoni.

Pantoni la Kigamboni, kile kivuko cha Dar es Salaam, limenilisha mimi na wanangu. Ukiwa na msichana anayeishi Kigamboni na kijana anayefanya kazi Posta, tayari una maji katikati yao, na una chombo kinachojaa, kinachochelewa, kinachoharibika. Kijana anateremka mbio, shati limemganda mgongoni, anafika Kivukoni na mlango wa pantoni umeshainuliwa. Anamwona msichana kwa mbali, amempa kisogo. Hapo naandika “itaendelea”, na wiki nzima simu yangu haitulii.

Tarehe 19 Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680, kutoka Kurasini hadi Kigamboni. Nilifurahi, maana shangazi yangu anakaa ng'ambo ile na najua tabu waliyoipata wagonjwa usiku. Ila nilikuwa na hadithi inayoendelea, imefika sehemu ya tisa, na wasomaji wakaanza kuniandikia: “Dada, kwa nini asipande bodaboda apite darajani?” Walisema kweli. Nilitupa sehemu nne nilizokwisha kuziandika za akiba, nikaanza upya.

Kuwafanya watu wawili wapendane hakunimalizii hata ukurasa. Kinachoninyima usingizi ni ule mkwamo ulio kati yao, mpaka msomaji aliyening'inia kwenye daladala la Mbagala auamini. Akihisi nimewatenganisha kwa sababu tu nataka hadithi iwe ndefu, ananiacha. Na ana haki.

Mkwamo wangu wa kwanza alikuwa matroni. Nilisoma shule ya bweni, na tangu kidato cha pili nilikuwa nawaandikia wenzangu barua za kuwapelekea wapenzi wao. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni au maandazi mawili. Barua zilipitia S.L.P. ya shule na matroni alifungua kila bahasha, iendayo na ijayo, kwa hiyo nilijifunza kusema bila kusema. Mpenzi akageuka binamu. “Nimekukumbuka” ikageuka “mvua huku imechelewa, mahindi yananyauka”. Kijana akiisoma anajua mahindi ni nani.

Nilipomsimulia bibi yangu wa Tanga, hakushangaa hata kidogo. Alifungua sanduku akanionyesha khanga aliyonunuliwa na babu wakati wamenuniana. Maneno ya mdomoni yalikuwa yamemshinda babu, akaenda dukani kuyanunua yaliyoandikwa tayari. Bibi alijifunga ile khanga asubuhi yake, akapita nayo uani bila kusema neno, na mambo yakaisha. Sijaisahau khanga ile. Lugha yetu imelelewa mbele ya watu wanaosikiliza: mkwe, wifi, jirani mliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja. Ndiyo maana ina mafumbo mengi hivi, na ndiyo maana nasikitika sana nikisoma hadithi ya kijana wa leo ambamo watu wanaambiana “nakupenda” mara ishirini kwenye ukurasa mmoja. Hazina yote ile ameiacha nje mlangoni.

Miaka ya 2000 nikaanza kuandika kwenye magazeti ya wiki. Niliandika kwa mkono kwenye kaunta buku, nikapeleka kuchapwa, nikapanda daladala mbili hadi kwa mhariri. Siku gazeti linapotoka, kumwona mama muuza mchicha amekunjua ukurasa wangu, wateja wamesimama wanamsubiri amalize aya, ni furaha ambayo sijapata nyingine ya kulingana nayo. Malipo yalichelewa, na mara nyingine hayakuja kabisa. Kisha gazeti moja likasimama ghafla, hadithi ikiwa katikati, msichana wangu amekaa stendi ya Ubungo na begi lake, hajui kama mumewe atamfuata. Karibu mwaka mzima watu walinisimamisha njiani kuuliza alikwenda wapi. Niliwasimulia mwisho wake mmoja mmoja, kwa mdomo, barabarani.

Kuna jambo linaloniuma hadi leo, na nisingetaka kuondoka hapa bila kulisema. Katika hadithi yangu ya pili msichana alikuwa na miaka 16, aliyemwoa alikuwa mtu mzima mwenye gari, na mimi niliiandika kama bahati. Mama mmoja akaniandikia kwamba bintiye amegoma kurudi shule, anamsubiri mtu kama yule. Nilisoma barua ile nimesimama, kisha nikakaa chini. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mradi kuna idhini ya mzazi, huku mvulana akitakiwa awe na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vile, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwangu mimi mama yule alifika kabla ya majaji. Tangu siku ile kila msichana wangu ana umri unaotajwa, ana shule aliyomaliza au kazi anayoifanya, na ana mdomo wa kukataa.

Nilipoanza kuisoma sheria ile kwa uchungu, nikakuta ndani yake mambo ambayo sikuyatarajia. Inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, nayo itangazwe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku 21! Makanisani mnazijua, ndizo zile Jumapili tatu za matangazo. Jumapili ya kwanza ni vigelegele. Ya pili, benchi la nyuma kabisa, amekaa mwanamke ambaye hakuna anayemfahamu, na hajafungua kitabu cha nyimbo. Hapo siandiki daraja wala pantoni, naandika kalenda tu, na msomaji anahesabu siku pamoja nami. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haipotezi uhalali kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Kwa hiyo mjomba anayefunga mlango kwa ajili ya ng'ombe wawili waliobaki ana nguvu ya ukoo lakini sheria haiko upande wake. Binti akilijua hilo, je, atatoka bila baraka za mjomba aliyemlea? Swali hilo nimeliandikia hadithi mbili na bado halijaisha.

Riziki yangu ya mchana ni steshenari. Nachapa kadi za michango ya harusi na kumbukumbu za vikao vya kamati: nani ameahidi, nani ametoa, nani asikumbushwe tena. Siku moja akaja dada mmoja, akaniomba nifute jina la bwana harusi nichape kadi mpya, jina jingine ataleta kesho. Sikuuliza. Jina la mteja siliandiki kamwe, wala kisa chake kama kilivyo, maana watu wananiamini na karatasi zao. Nilichokichukua ni kitu kimoja tu: zile kadi 200 za kwanza alizilipia zote, pesa taslimu, bila kuomba punguzo, akazibeba akaondoka nazo. Kesho yake hakuja.

Usiku saa nne, watoto wamelala, naandika kwenye simu. Siku hizi hadithi zangu nyingi zinasomwa WhatsApp. Sehemu kumi natoa bure, anayetaka zilizobaki ananitumia shilingi 1,000. Ndani ya siku mbili hadithi nzima inazunguka kwenye magrupu nisiyoyajua, jina langu limefutwa na limewekwa la mtu mwingine. Inauma kama kuibiwa nguo kwenye kamba halafu ukapishana na mwizi amezivaa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inanilinda maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa kwangu, na nawasihi vijana muisome. Ila mwizi wangu ni namba ya simu yenye picha ya waridi. Nikawakumbuka watunzi wetu wa tenzi, waliokuwa wakitia majina yao ndani ya beti za mwisho. Nikaanza kuzipanga aya zangu, herufi ya kwanza ya kila aya, zikishuka chini ziandike jina langu. Hadithi mbili zilizoibwa, wasomaji wenyewe ndio waliolisoma jina na kumuumbua mwizi mbele ya grupu lake. Nililia kwa furaha usiku ule.

Naishia na simu niliyopigiwa mwaka jana, alfajiri. Sauti ya mwanamume, nyuma yake kelele tupu. “Dada, mimi niko soko la samaki la Feri. Humu tunasubiri mitumbwi, mmoja anasoma, sisi tunasikiliza. Sasa umetuandikia mnada wa samaki saa nane mchana. Saa nane hapa panaoshwa. Njoo uone.” Nilimwitikia “naja, kaka,” na Jumamosi yake kulipopambazuka nilikuwa pale. Nilisimama nyuma ya duara la mnada. Dalali anataja bei, wanaume wanapandisha kwa kunyanyua kidole, na pembeni wamesimama akina mama wakaanga samaki, kila mmoja na ndoo yake, wanangoja kuona kitakachobaki. Mmoja alikuwa ameitazama tenga ya changu tangu inatolewa majini. Kijana mmoja akapandisha bei, akageuka, akamwona ameshikilia noti zake hazitoshi. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda juu.

Niko sehemu ya sita sasa. Tenga ile ya changu bado iko kati yao, na kesho alfajiri narudi Feri kuuliza kama mtu akishashinda mnada anaweza kumwachia mwingine.

Ahsanteni. Nipo tayari kwa maswali.