Damu ya Kaopectate na Simu ya Mdomo

REHEMA: Karibuni tena. Juma kaingia studio na vidole vyekundu hadi kwenye kucha, na bado hajasema chochote.

JUMA: Wiki hii nimechanganya damu bandia ya filamu fupi ya vijana fulani. Bakulini inatisha. Mbele ya kamera, waridi kama peremende.

REHEMA: Basi umeingia mlango uleule wa Herschell Gordon Lewis, mwongozaji Mmarekani wa filamu za damu za bei rahisi, mtu wetu wa leo. Nina masomo matano ya kazi yake hapa kwenye karatasi…

JUMA: Damu kwanza, dada. Mwaka 1963 anapiga filamu ya kutisha, Blood Feast, kule Miami kwa dola 24,500 hivi. Damu ya kuigizia iliyokuwa ikiuzwa ilikusudiwa filamu za nyeusi na nyeupe. Ukiipiga kwa filamu ya rangi, inavuta kwenye zambarau. Akatengenezewa yake na maabara ya Barfred, Coral Gables.

REHEMA: Kwa msingi wa Kaopectate, dawa ya kuzuia kuharisha! Na ina maana: ilikuwa nzito, na mwanga haukuipenya. Wewe ulitumia nini?

JUMA: Shira ya mahindi na rangi ya chakula.

REHEMA: Ndiyo hiyo sababu. Shira ni angavu. Ikitandazwa kidogo juu ya ngozi, mwanga wa taa unaipita, unagonga ngozi, unarudi na waridi. Vikombe viwili vya shira, kijiko kikubwa kimoja cha rangi nyekundu, kijiko cha chai cha kakao. Kakao uivuruge kwanza kwa maji ya moto, ukiimwaga kavu inafanya madonge. Bluu utie kwa ncha ya kijiti tu. Ikizidi, umerudi kwenye zambarau ya mwaka 1963.

JUMA: Na ya kwenye nguo? Yangu iliteleza tu juu ya shati.

REHEMA: Tia sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa kitainywa na kufua kutakuwa rahisi. Lakini hiyo iwe na chupa yake na maandishi yake, isifike mdomoni mwa mtu. Na usiipime kwa macho ya jikoni: iweke chini ya taa ileile, uitazame kwa kamera ileile.

JUMA: Lewis kwenye tukio la Blood Feast la ulimi kung'olewa alitumia ulimi wa kondoo. Hapo hakuna cha kupima.

REHEMA: Haya, somo la kwanza…

JUMA: Trrr! Trrr!

REHEMA: Hapana. Leo hapana.

JUMA: Msikilizaji ambaye hajaiona filamu nyingine ya Lewis, Monster a Go-Go ya 1965, lazima aambiwe. Simu inaita, na mlio wake ni mtu anauiga kwa mdomo. Trrr! Mhusika anainua mkono wa simu bila aibu.

REHEMA: Lakini waeleze ilitoka wapi. Mwongozaji mwingine, Bill Rebane, aliianza filamu hiyo, fedha zikamwishia. Lewis akainunua ikiwa nusu kwa sababu alikuwa na filamu yake Moonshine Mountain na alihitaji filamu ya pili ya kuambatana nayo. Sinema za wazi, zile za kutazama ukiwa ndani ya gari, zilionyesha mbili kwa usiku mmoja. Zote mbili zikiwa zako, hugawani mapato na mwenye filamu nyingine.

JUMA: Na mwigizaji mmoja aliporudi sura imebadilika mno, wakamfanya ndugu wa mhusika wake mwenyewe! Trrr!

REHEMA: Ufundi huo. Huna fedha za kurudia, unaandika upya hadithi.

JUMA: Ufundi gani? Mwishoni msimulizi anatangaza kwamba hapakuwa na zimwi. Mwanaanga aliyedhaniwa kageuka zimwi kaokotwa baharini, mzima wa afya. Mtazamaji kalipia zimwi! Huo ni wizi.

REHEMA: Kalipia usiku wa filamu mbili, kapata mbili.

JUMA: Nusu na moja.

REHEMA: Juma, rola ya milimita 35 ya futi 1,000 inaisha kwa dakika 11 hivi. Kila ukirudia, unakula fedha. Ndiyo maana Lewis alishika kamera mwenyewe, akaiweka pana, akawaacha watu waseme maneno yao, na picha za karibu akaziacha kwa ajili ya damu. Muziki wa Blood Feast alitunga mwenyewe. Wimbo wa filamu yake nyingine, Two Thousand Maniacs!, aliimba mwenyewe.

JUMA: Huyo unayemsifu ni mhasibu. Mwongozaji angemwambia yule anayemcheza Fuad Ramses, muuaji wa Blood Feast, apunguze kutoa macho. David Friedman, mtayarishaji wake, aligawa mifuko ya kutapikia kwa watazamaji. Mfuko ndio uliouza tiketi.

REHEMA: Mfuko unauza usiku wa kwanza. Baada ya hapo watu wanasimuliana walichokiona.

JUMA: Lewis mwenyewe alikuwa akisema Blood Feast si nzuri, ila ni ya kwanza ya aina yake.

REHEMA: Na ya kwanza haijitengenezi.

JUMA: Sikubali.

REHEMA: Wala mimi. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili! Masomo matano, na hata la kwanza sijalisoma.

JUMA: Ruka hadi mwisho wa kazi yake.

REHEMA: The Gore Gore Girls, 1972, kisha akaacha filamu kwa miaka mingi. Akageukia matangazo ya kuuza kwa barua, akaandika vitabu vya fani hiyo vinavyosomwa na watu wasiojua kabisa habari za ulimi wa kondoo. Alirudi 2002 na Blood Feast 2, akafariki Septemba 2016.

JUMA: Muuza matangazo! Si ndilo nililokuwa nikisema?

REHEMA: Ulisema mwizi.

JUMA: Mwizi wa zimwi. Hilo silifuti.

REHEMA: Mzimieni maiki.

JUMA: Trrr! Tr…