Bibingka, Kiping na Machungwa 12: Namna Mwanangu Alivyojifunza Sehemu Ufilipino

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, nawasalimu nikiwa jikoni kwangu Los Baños, mji wa mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila, ambako mume wangu anasomea kilimo cha mpunga. Wengi wenu mliniuliza watoto wa huku wanafundishwaje hesabu, na leo nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni sehemu, yaani nusu, robo, thuluthi na ndugu zake, kwa sababu ndizo zilizomtoa machozi binti yangu wa miaka 6 Desemba iliyopita.

Alikuwa ameshajifunza darasani nusu na robo, ambazo huku huanza darasa la kwanza, lakini nilipomwuliza ipi ni kubwa kati ya robo na thumuni, alijibu bila kusita kwamba thumuni ni kubwa, kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Nilimchorea duara, nikaligawa, nikalitia rangi, naye akarudia jibu lile lile. Sikumlaumu. Tangu aanze kuhesabu vidole vyake amefundishwa kwamba namba ikikua, kitu kinaongezeka, kisha ghafla tunamwambia kwamba katika sehemu, asili, yaani namba ya chini, ikikua, kipande kinapungua.

Ufumbuzi ulitoka kwa jirani yetu, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye sote tunamwita Ate, neno la heshima la Kitagalogi lenye maana ya dada mkubwa. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba Wakatoliki wa hapa huhudhuria misa za alfajiri kwa siku 9 mfululizo, ziitwazo Simbang Gabi, na nje ya kanisa huuzwa bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui la nazi, uliotandikiwa jani la mgomba na kuokwa kwa makaa juu na chini. Ninyi wa Unguja na Pemba mmeshaijua harufu yake, kwa maana ni jamaa wa karibu wa mkate wetu wa kumimina.

Ate aliiweka bibingka moja mbele ya mtoto, akamwuliza kama angependa igawanywe kwa watu 4 au kwa watu 8. Binti yangu alinyamaza, akautazama mkate, akasema kwa sauti ndogo: "Wanne." Ndipo kisu kikaanza kazi. Mkato wa kwanza ulitoa nusu, wa pili ukatoa robo, na miwili iliyofuata ikatoa thumuni, na kila mara Ate alisubiri mtoto avione vipande kwanza kabla ya kuvitaja kwa jina. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza kwake. Sisi wazazi huanza na jina, tukaandika kiasi juu na asili chini, halafu tukamtaka mtoto akisie kitu ambacho hajakigusa.

Bibingka hupambwa kwa vipande vya yai la chumvi, na hapo ugomvi ulizuka, kwa sababu thumuni moja ilikuwa na yai na nyingine haikuwa nalo. Ate hakuuzima. Aliwauliza watoto kama vipande hivyo ni sawa, wakabishana hadi wakakubaliana wenyewe kwamba mkate ni sawa lakini yai si sawa, na kwamba yai nalo lazima ligawanywe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wazo la "sehemu zilizo sawa" lilipowaingia, kwa kuwa asiyepata haki yake mezani hahitaji somo la pili.

Siku 9 za misa nazo zilitumika. Ate alichora visanduku 9, safu 3 za visanduku 3, na kila alfajiri watoto walipaka rangi kimoja. Siku ya tatu safu nzima ilijaa, wakaona kwa macho yao kwamba 3 kati ya 9 ni thuluthi.

Mwezi Mei tulikwenda Lucban, katika mkoa wa Quezon, kwenye sherehe ya Pahiyas inayofanyika tarehe 15 kumshukuru Mtakatifu Isidro kwa mavuno. Nyumba hupambwa kwa mboga, matunda na kiping, ambazo ni karatasi nyembamba za mchele zilizotengenezwa juu ya majani halisi na kutiwa rangi. Nilinunua kiping 20, na mtoto akagundua kwamba 5 nyekundu ni robo yake. Hata hivyo majani hayalingani ukubwa, kwa hiyo kiping zinafaa kwa kuhesabu vitu katika kundi, hazifai kulinganisha maeneo, na mzazi asipoitenganisha mifano hii miwili atamchanganya mtoto. Pia nasema wazi kwamba kuchora taa ya Krismasi pembeni mwa karatasi ya mazoezi si kufundisha kwa utamaduni. Sherehe inafundisha pale tu ambapo kitu chake kinagawanywa kweli.

Hata lugha ya hapa inasaidia. Usiku wa manane huitwa hatinggabi, na ndani yake mna hati, kugawa, na gabi, usiku. Chakula cha mkesha wa mwaka mpya huitwa Media Noche, jina la Kihispania lenye nusu ndani yake, na familia nyingi hupanga mezani matunda 12 ya mviringo, moja kwa kila mwezi, kuombea neema. Sisi tulichagua machungwa 12 yaliyokaribiana ukubwa. Nusu ilikuwa 6, thuluthi 4, robo 3, na binti yangu aliyapanga na kuyapangua bila kuchoka.

Kisha akatuhesabu tuliokaa mezani, tukawa 5. Kila mmoja alipewa machungwa 2, yakabaki 2. Nilitaka kuyarudisha kwenye bakuli, lakini akanizuia, akanyoosha kidole dirishani kwenye parol, taa ya mianzi yenye umbo la nyota ya ncha 5, akasema tuyakate kama ile nyota. Nikayamenya, akaweka alama 5 kutoka katikati, nikakata alipoonyesha, na kila sahani ikapata vipande 2 zaidi. Aliniuliza hivyo vinaitwaje, nikamwambia ni humusi mbili, akaandika kwa kalamu kwenye jani la mgomba: 2 na 2/5.