Betri Hufia Mbalamwezini: Paneli za Kubeba na Taa za Dagaa

MWANAIDI: Wasikilizaji wetu, hamjambo popote mlipo, na karibuni tena. Mimi ni Mwanaidi, na kama kawaida niko na fundi wetu wa sola, kaka Kulwa. Leo tunazungumza hasa na watu wa mialoni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga Ziwa Victoria: Kayenze, Igombe, Ukerewe, Goziba, na kote ambako usiku wa giza ziwa linawaka taa za dagaa. Ila na wewe unayechaji betri ya nyumbani kwa paneli ya kubeba, usiondoke, mambo ni yale yale.

KULWA: Asante dada Mwanaidi. Wasikilizaji, salamu nyingi kutoka Mwanza.

MWANAIDI: Kaka, nianze na malalamiko yanayotufikia kila mara. Mvuvi ameachana na karabai, amechoka kununua mafuta ya taa. Kanunua taa za LED, kanunua betri, kanunua paneli. Miezi michache tu, taa inaanza kufifia saa nane usiku. Anarudi dukani anamlaumu muuzaji wa betri.

KULWA: Na mara nyingine muuzaji anastahili lawama, hilo tutalifikia. Lakini mimi mvuvi akiniletea betri ya namna hiyo, swali langu la kwanza ni moja: mwezi ukiwa mpevu, betri zako zinakaa wapi?

MWANAIDI: Mbalamwezi?

KULWA: Ndiyo. Dagaa wanavuliwa giza, kwa sababu taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukiwaka, taa haina nguvu tena, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wengine wanarudi kwao kusalimia. Sasa fikiria usiku ule wa mwisho kabla ya mapumziko. Betri zimerudi asubuhi zimechoka. Nani atahangaika kuzichaji wakati hakuna kwenda ziwani leo wala kesho? Zinasukumwa chini ya kitanda, paneli inakunjwa, mpaka giza lirudi.

MWANAIDI: Na hapo ndipo zinapofia.

KULWA: Hapo hapo. Hizi betri nyingi tunazotumia ni za risasi na asidi, ziwe za kuongeza maji au zile zilizofungwa. Kila zinapotoa umeme, sahani za ndani zinapata utando wa salfeti. Ukichaji mapema, utando unayeyuka, sahani inarudi safi. Ukiiacha betri tupu siku kumi, ule utando unageuka chembe ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Sehemu hiyo ya sahani ndiyo imekwisha. Mwezi ujao inapotea nyingine. Betri ya risasi haitaki kulala na njaa, hata usiku mmoja, sembuse wiki nzima.

MWANAIDI: Kwa hiyo siku ya kwanza ya mapumziko ndiyo siku ya kazi kwa paneli.

KULWA: Ndiyo siku kuu ya paneli! Na ile ya pili pia. Jaza mpaka ijae kweli, ndipo uweke kando. Na kama mapumziko ni marefu, irudishe kwenye paneli mara moja katikati, maana betri hupungua yenyewe hata ikikaa bila kutumika.

MWANAIDI: Nitajuaje kuwa imejaa kweli? Maana ile taa ya kijani kwenye kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji...

KULWA: Ile taa ya kijani isikutoshe. Nunua mita ndogo ya fundi, si ghali. Chomoa betri kwenye kila kitu, iache itulie saa kadhaa, kisha pima. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12, hapo unaila betri yenyewe. Ndiyo maana nasema taa ya uvuvi isitumie zaidi ya nusu ya betri kwa usiku mmoja.

MWANAIDI: Tupigie hesabu, kaka, watu wakusikie na namba.

KULWA: Tuchukue taa moja ya wati 10, iwake kwa muda wa saa 10. Hiyo ni wati-saa 100. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 inabeba 12 mara 20, wati-saa 240. Umetumia chini kidogo ya nusu, vizuri. Sasa kurudisha zile 100 huwezi kuweka 100, lazima uweke zaidi, kwa sababu betri ya risasi inapoteza kiasi njiani, na waya nao unakula. Weka kama 130. Kanda ya Ziwa, siku ya kawaida, hesabu saa nne na nusu mpaka tano za jua lenye nguvu kamili. 130 gawanya kwa 4.5, unapata kama wati 30.

MWANAIDI: Basi paneli ya wati 30 inatosha.

KULWA: Kwenye karatasi. Mimi nakushauri 50 kwa kila taa ya aina hiyo. Kuna mawingu ya vuli, kuna vumbi, na kuna joto. Ile wati iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25. Paneli iliyolazwa juu ya mchanga saa saba mchana inafika 60 kirahisi, na kila nyuzi moja inayoongezeka inapunguza kama asilimia 0.4. Piga hesabu: umepoteza kama asilimia 14 hata kabla wingu halijapita.

MWANAIDI: Hapo kwenye wati zilizoandikwa nyuma, naomba tukae kidogo. Kuna paneli za kukunja zinauzwa zimeandikwa wati 100, ukizishika ni kama daftari.

KULWA: Dada, hili linaniuma, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyeuza dagaa wake ili anunue kile kitu. Jua kali la mchana linaleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri za sasa zinageuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo mita nzima ya mraba inakupa wati 200 hivi, na wati 100 zinataka nusu mita ya mraba ya seli. Sasa chukua karatasi ya A4, ile ya fotokopi. Eneo lake halifiki hata sehemu moja ya kumi na tano ya mita ya mraba. Ukiijaza seli nzuri kabisa utapata wati 12, labda 13. Muuzaji aandike 100, aandike 300, jua halisomi maandishi yake.

MWANAIDI: Kwa hiyo mtu aende dukani na futi.

KULWA: Aende na futi ya kupimia, na mita kama anayo. Atoe paneli nje ya duka mchana, apime ampea moja kwa moja kwenye waya zake, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Paneli halisi ya wati 100 kwa betri ya volti 12 itaonyesha volti kama 22 ikiwa haina mzigo, na ampea tano na ushee jua likiwa kali. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Na uangalie inatoa nini: kuna za kukunja zenye tundu la USB tu. Hizo ni za simu na pawabenki. Volti 5 haziwezi kuchaji betri ya volti 12.

MWANAIDI: Tufike mwaloni sasa. Mtumbwi umerudi asubuhi, dagaa wameshushwa, akina mama wanaanika. Betri zinafanyiwa nini?

KULWA: Zinatangulia kwenye paneli kabla ya chai. Sikiliza, hapa ndipo watu wengi wanapoteza siku. Betri ya risasi inapokea haraka mpaka kama asilimia 80. Ile 20 ya mwisho inakwenda polepole sana, inaweza kuchukua saa kadhaa, hata uwe na paneli kubwa namna gani. Ukianza saa mbili asubuhi, mchana inafika 80, jioni imejaa. Ukianza saa tano kwa sababu umelala kwanza, jioni unaingia ziwani na betri isiyojaa. Ukifanya hivyo kila siku, ule utando wa salfeti unajijenga taratibu, giza lote.

MWANAIDI: Na kwa kuwa kaka yetu ametoka ziwani hajalala, basi kuna mtu wa nchi kavu apewe kazi hiyo.

KULWA: Apewe, na aifanye kama kazi. Asubuhi paneli itazame mashariki, imeinuliwa, si kulazwa. Mchana ailaze, jioni aigeuze magharibi. Ndiyo faida ya paneli ya kubeba, ile ya juu ya bati haikufuati. Anayetaka uhakika asimamishe kijiti cha kiberiti wima juu ya uso wa paneli. Kivuli chake kikipotea, paneli inalitazama jua sawasawa. Kingine, sisi huku tuko magharibi mwa nchi, saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua la Mwanza linafika juu kabisa karibu na saa saba mchana. Usianze kukunja paneli saa nane ukidhani siku imekwisha. Na mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Inamisha paneli kulifuata.

MWANAIDI: Mimi nimeona paneli zimewekwa chini ya vichanja vya dagaa, kivuli kimekatiza.

KULWA: Kivuli cha mguu mmoja wa kichanja kinatosha kuiua. Seli zimeungwa kwa mfululizo, moja ikizibwa inazibana wenzake. Kamba ya kuanikia nguo, jani, magamba ya samaki yaliyokauka juu ya kioo, vyote ni vya kuondoa. Kitambaa laini na maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

MWANAIDI: Waya?

KULWA: Mfupi na mnene. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10, kwa ampea 5, unapoteza volti moja na zaidi. Betri inataka volti 14.4 ili ijae, wewe unaipunguzia njiani. Tumia wa milimita za mraba 4. Kontrola ikae karibu na betri, kivulini, na betri iwe penye hewa, moto mbali, maana inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Kuunganisha: betri kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Kuchomoa: paneli kwanza. Kontrola nyingi hutambua betri ni ya volti ngapi kwa kuanza nayo. Na tafadhali, msiruke kontrola mkaunganisha paneli moja kwa moja, mtachemsha maji ya betri. Yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya ziwani, na si asidi.

MWANAIDI: Kuna wanaounganisha betri nne pamoja, mpya na kuukuu.

KULWA: Ile kuukuu inazivuta chini nyingine zote. Zenye umri mmoja na ukubwa mmoja pamoja, vinginevyo kila betri na zamu yake.

MWANAIDI: Na lithiamu? Wengi wameanza kuzitaka, ni nyepesi mtumbwini.

KULWA: Ni nyepesi kweli, na unaweza kuzitumia karibu zote bila kuziumiza. Kontrola tu iwe na mpangilio wa lithiamu. Ila wakati wa mbalamwezi sheria inageuka: lithiamu usiiache imejaa pomoni, iache karibu nusu. Risasi ilale imeshiba, lithiamu ilale nusu. Mwenye zote mbili aziandike kwa rangi zisichanganywe.

MWANAIDI: La mwisho, kaka. Betri iliyokufa kabisa.

KULWA: Nawaomba sana. Msiipasue mwaloni, msimwage asidi ziwani, na watoto wasichezee sahani zake. Risasi inaingia mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto, na maji yale yale ndiyo tunayokunywa. Betri kuukuu ina bei, kuna wanunuzi mjini. Ipande feri ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vimekazwa.

MWANAIDI: Asante kaka Kulwa. Wasikilizaji, wenye maswali ya inveta na friji za samaki, yatumeni mapema, hayo ndiyo ya kipindi kijacho.