Jinsi ya kuokoa fonti uliyoichora kwenye programu ya zamani

Karibuni wadau. Leo tunafanya kazi moja tu: kuitoa fonti kwenye programu ya zamani ambayo kompyuta mpya imeikataa, na kuihifadhi kwenye faili litakalofunguka popote. Naongea na watu wa steshenari, wachapaji, wakata stika, na yeyote aliyewahi kukaa akachora herufi zake mwenyewe.

Fonti ya mfano imechorwa kutokana na maandishi ya brashi yaliyo ubavuni mwa mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Iangalie hiyo M kwenye skrini. Miguu yake inatanuka chini, kwa sababu fundi alikandamiza brashi kwenye ubao kabla ya kuinyanyua. Herufi ya namna hii huipati kwenye fonti zinazokuja na kompyuta. Ikifia ndani ya faili lisilofunguka, ndiyo imekwenda, na mafundi wanaoandika hivi kwa mkono wanazidi kupungua.

Kwanza tuelewe kwa nini programu inakataa. Wengi wa zamani walijifunzia Fontographer, programu ya kuchora fonti iliyotoka mwaka 1986. Hata toleo lake la 5, la mwaka 2010, ni la biti 32, yaani la muundo wa zamani; kompyuta za sasa ni za biti 64. Oktoba 2019 Apple walitoa macOS Catalina, na kuanzia hapo Mac haifungui tena programu yoyote ya biti 32. Kwa hiyo ukinunua Mac mpya ukahamishia kila kitu, programu inabaki picha tu. Windows ni afadhali: za biti 32 bado zinafunguka, ila zile za kale kabisa za biti 16 hazifunguki kwenye Windows ya biti 64. Usihangaike kuifuta na kuipakia upya, haitabadilika.

Haya, tuanze. Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, usiifute na usimpe mtu. Iwashe, kisha uende kwenye folda ya fonti zako. Kwenye Windows, washa kwanza kionyeshi cha mwisho wa jina la faili, maana mara nyingi kimefichwa. Ukiona .fog, hiyo ni kazi ya Fontographer. Ukiona .vfb, ni ya FontLab ya zamani, programu nyingine ya kuchora fonti. Ukiona .pfb, umepata nafuu, hiyo ni fonti iliyokwisha kukamilika ya aina ya Type 1, muundo wa zamani wa Adobe, na michoro yako imo ndani. Chukua folda nzima kama ilivyo uiweke kwenye flashi, halafu nakala nyingine sehemu tofauti. Hayo ya asili hatuyagusi tena.

Wenye .fog, fungueni faili ndani ya Fontographer yenyewe, kisha nendeni kwenye "Generate Font Files". Hapa tulieni kidogo. Itakuuliza unataka aina gani, na mkono utakimbilia TrueType kwa sababu ndilo jina linalojulikana. Chagua PostScript Type 1. Sababu ni mikunjo. Fontographer na Type 1 zote zinachora mkunjo kwa hesabu ya aina moja, kwa hiyo ule mguu wa M unatoka jinsi ulivyouchora. TrueType ina hesabu nyingine. Mkunjo unabadilishwa, nukta zinaongezeka, na ukija kurekebisha herufi baadaye utakuta nukta kibao usizoziweka wewe. Weka tiki pia kwenye faili la AFM. Hilo ndilo linalobeba nafasi kati ya herufi na herufi, kwa mfano A na V zinavyosogeleana. Kulipanga jambo hilo upya ni kazi ya kuchosha kuliko kuchora.

Wenye Mac ya zamani, sikilizeni sana hapa. Type 1 ya Mac huficha michoro yake kwenye sehemu ya pili ya faili ambayo Windows haiijui. Ukiinakili kwenye flashi ya kawaida ukaifungua kwenye Windows, unakuta jina lipo na ukubwa ni sifuri. Kwa hiyo wakati wa kutoa, chagua mfumo wa PC, upate .pfb. Ukishanakili, angalia ukubwa wa kila faili kabla ya kuizima mashine.

Wenye .vfb kuna njia fupi: FontLab wanatoa bure kifaa kidogo kinachoitwa vfb2ufo, ambacho hugeuza faili kuwa UFO, muundo wa fonti ulio wazi usiofungwa kwenye programu moja.

Na kama kompyuta imekufa? Mara nyingi diski yake bado nzima. Itoe, iunganishe kwa kebo ya USB inayoendana nayo, na ukishapata mafaili, weka Windows ya zamani ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye kompyuta mpya ya Windows, kisha upakie humo programu yako ya Windows uliyoinunua. Namba ya leseni itafute mapema.

Kuna kero nyingine: programu inafunguka kwenye Windows mpya lakini vitufe vyake ni vidogo kama punje za ulezi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake, nenda "Properties", halafu "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Weka tiki sehemu ya chini na uchague "System (Enhanced)". Itakuwa na ukungu kidogo, lakini macho yatapumzika.

Sasa tuhamie kompyuta mpya. Pakua FontForge, programu ya kutengeneza fonti. Ni ya bure, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Sura yake na yenyewe ni ya zamani, wala sitakuficha, ila inafungua .pfb na UFO bila shida, na hilo ndilo tunalolihitaji. Fungua .pfb yako, au UFO; wenye UFO rukeni hatua ya AFM. Nenda "File", kisha "Merge Feature Info", uchague lile faili la AFM. Halafu hifadhi mara moja kama .sfd, maana umeme ukikatika hapa utaanza upya. Na .sfd ni maandishi matupu: ukilifungua kwa Notepad utaona mstari wa kwanza umeandikwa SplineFontDB. Faili la hivyo halimtegemei muuzaji yeyote, ndiyo maana nalipenda.

Sehemu inayofuata mafunzo mengi yanairuka, na sisi ndiyo inatugusa. Fonti za zamani zilikuwa na nafasi 256 tu, na baadhi zina ile alama ya juu (') iliyonyooka peke yake. Andika Nyang'hwale, jina la wilaya, kwenye Word: programu inaigeuza alama kuwa ya mkunjo, fonti yako haina, basi inaazimwa kutoka fonti nyingine. Tazama hapa: N nene ya brashi, na katikati ya jina kialama chembamba cha kigeni. Kwenye bango la mita tatu kila mtu anakiona.

Kuirekebisha ni rahisi. Nenda "Encoding", "Reencode", uchague Unicode BMP, orodha yenye nafasi nyingi zaidi ya zile 256. Nakili mkato wako, ule uliochorwa kwa brashi. Nenda "View", "Goto", andika U+2019, bandika, kisha uupandishe mpaka kichwa chake kilingane na kichwa cha herufi kubwa. Sasa alama ni ya damu moja na herufi zake. Kama unachapa Kisukuma kwa maandishi ya wanaisimu, ongeza hapohapo ɪ kwenye U+026A na ʊ kwenye U+028A, kwa sababu Kisukuma kina irabu saba na tano za Kiswahili hazikitoshi.

Kisha chagua herufi zote. "Element", "Overlap", "Remove Overlap". Mashine ya kukata stika hufuata kila mstari inaouona. Mistari miwili ikipishana ndani ya herufi, kisu kinapita katikati na stika inachanika. Malizia na "Correct Direction".

Mwisho, "File", "Generate Fonts", chagua OpenType (CFF), upate faili la .otf. Usirudi kwenye Type 1. LibreOffice waliiacha tangu toleo 5.3 la mwaka 2017, na Adobe wakaiacha Januari 2023. OpenType ya CFF inatunza mikunjo ileile.

Pakia fonti kwenye kompyuta nyingine kabisa, siyo uliyoitengenezea. Andika Nyang'hwale, andika AVA, andika namba zote, chapa kwenye karatasi, kata stika moja ndogo. Kila kitu kikikaa sawa, .sfd, .otf na mafaili ya asili yakae folda moja, nakala mbili, na moja umpelekee fundi aliyeandika herufi hizo. Baada ya hapo ndipo unaweza kuiachia ile kompyuta ya zamani.